Ndoo ya Jioni

Leo Živko hakuzima injini.
Alinipa karatasi kupitia dirishani,
akatazama usukani,
akasema, "Usinilaumu mimi, Piroska,"
na lori la maziwa likageuza, tupu,
kwenye tope la Novemba.

Karatasi ina muhuri na namba moja.
Sifuri, nukta, sifuri, tisa.
Nilidhani kitu kidogo hivyo ni msamaha.
Binti wa maabara akanieleza kwenye simu, polepole,
kama anayemvisha mtoto viatu:
si wingi wake, mama, ni aina yake.
Ukiichemsha haifi.
Haina harufu. Haina ladha.

Mimi niliyejisifu kwa pua!
Ninayejua mvua kabla ya radi,
ninayemjua ng'ombe mwenye homa kwa pumzi zake.
Niliutia mkono huu kwenye kihenge,
nikatoa mahindi, nikanusa, nikasema: mazuri.
Magunzi machache yalikuwa na vumbi la kijani.
Nikalipangusa kwa aproni.

Kikulacho ki nguoni mwako.
Naifua hiyo aproni tangu mchana.

Kiangazi kile Banat yote ilipasuka midomo.
Mahindi yalisimama makavu kama miiba ya samaki,
nondo wakatoboa,
kuvu ikapitia mlango wa nondo.
Kisha Septemba ikaja mvua,
ile tuliyoililia Juni.
Vendel alisema tuyatupe. Mwezi ule alikuwa bado hai.
Nikamjibu: tukiyatupa tutawalisha nini, kofia yako?
Akacheka.
Nimebaki na kicheko hicho
na tani nne.

Rumenka hajui kusoma karatasi.
Saa kumi na moja kiwele kimejaa, kinamuuma, anaita.
Nikamkamua, ningefanyaje?
Maziwa ni yale yale, meupe, yanafuka mvuke,
yanapiga bati la ndoo mpaka bati linanyamaza.
Nikayabeba hadi shimo la samadi.
Paka akanifuata, mkia juu, kama kila siku.
Nikamtupia kiatu.

Shimo likawa jeupe kidogo,
halafu likawa shimo.

Nikarudi kumwambia Rumenka kwamba si kosa lake.
Alikuwa anatafuna. Alikula nilichompa,
akanirudishia nilichompa.

Usiku nahesabu vikombe.
Bence, mjukuu wangu, alikuja Oktoba, wiki tatu:
kikombe asubuhi, kikombe chenye asali usiku,
na masharubu meupe aliyoyaonyesha kioo.
Arobaini na viwili.
Naanza upya. Jumapili ile walikwenda mjini
wakala huko, basi arobaini na kimoja.
Kimoja alikimwaga nusu mezani,
nami nikamgombeza.

Simu iko hapa, karibu na sukari.
Mama yake ataniuliza kwanza kama nakula vizuri.