Suruali ya Kijivu

Haikuanza na maumivu. Ilianza na suruali,
ile ya kijivu, ya ibada, aliyonishonea fundi Mesaki
mwaka niliporudi nyumbani na figo ya Chilewa.
Jumapili moja upindo ukaanza kufagia vumbi la Mpunguzi.
"Imelegea," nikasema, nikakaza mkanda.
Mke wangu hakujibu. Akanisimamisha kwenye fremu ya mlango
tunapowapimia watoto kimo,
akachora mstari kwa mkaa.

Vidole viwili chini ya mstari wa zamani.

Watoto wanapanda. Mimi nashuka.

Ndipo nikaikumbuka ile asubuhi ya kupogoa zabibu:
niliinama kuokota mkasi, mkasi tu, wala si gunia,
mgongoni kitu kikalia ko,
kama kijiti kikavu ndani ya koti.
Niliinuka nikitabasamu, maana vibarua walikuwa wananitazama.

Daktari aliinua picha kwenye mwanga wa dirisha.
Pingili moja imebonyea kama mkate uliokaliwa.
"Ni hizi," akasema, akagonga kopo la vidonge,
"zinauzuia mwili usimfukuze mgeni."
Vyeupe, vidogo, kila asubuhi baada ya uji wa uwele.
Mlinzi mzuri. Halali langoni.
Ila mshahara anajikatia mwenyewe, usiku, kwenye mifupa.

Nyumba ya babu yangu ilikuwa tembe.
Ukuta umenyooka, hauna ufa,
paa limebeba udongo wake na michembe inakauka juu.
Mama ndiye aliyesikia. Weka sikio hapa, alisema,
watu wakishalala.
Mchwa hawana haraka. Walikuwa wanaila miti ya ndani
na kuuacha ukuta uendelee kupokea wageni.

Chilewa hupiga simu kila mwisho wa mwezi, kutoka Manyoni.
"Figo yangu haijambo?" Hucheka akifika kwenye "yangu."
"Haijambo," najibu, na ni kweli,
inachapa kazi kama kibarua wa siku ya kwanza.
Nitamwambiaje kwamba nilichopewa nimekitunza,
nilichozaliwa nacho ndicho kinachomomonyoka?
Nionekane mtu aliyepewa ng'ombe
akarudi kulalamikia kamba?

Juzi aliuliza tena. Nikachelewa kujibu.
"Nimekuwa mfupi," nikamwambia.
Kimya. Upande wake treni ikapita, mabehewa mengi.
Kisha: "Kunywa maziwa, wewe. Na usiiname ovyo.
Sikukupa ikakae kwenye nyumba iliyoanguka."

Sasa natembea alfajiri hadi kisimani na kurudi.
Jumatatu kuna kidonge kingine, cha mifupa,
bilauri nzima ya maji, halafu nusu saa nikae wima,
nisilale, nisiiname, kama mtu anayesubiri kupigwa picha.
Kitu kikianguka nakiokota kwa kupiga magoti.
Kanisani wanadhani nimezidisha uchaji.

Suruali nimeirudisha kwa Mesaki.
Akapima, akatoa chaki sikioni. "Nikate?"

"Pinda tu," nikasema.
"Kitambaa kiache ndani."