Hasi Sitini na Tatu

Saa moja asubuhi, Joensuu bado giza la Januari,
nafungua kompyuta na kuzihesabu nyumba.
Katika kazi yangu hakuna aliye juu ya sifuri:
sote tuna deni, na mwenye afya ni mwenye deni dogo.
Kwa Pekkarinen, hasi hamsini na nane, mzima.
Shuleni, hasi sabini, inakohoa kidogo.
Na ng'ambo ya ziwa, kwa bibi Irmeli Vatanen,
hasi sitini na tatu,
imara kama msumari kwenye ubao mkavu.

Sijawahi kumwona. Namjua kwa mchoro wake:
mstari umelala wiki nzima,
kisha Jumapili saa nne asubuhi unasimama ghafla,
picha inapita, sauti inapita,
dakika arobaini,
halafu kimya cha watu walioagana.

Mwishoni mwa Mei deni lake likaanza kukua.
Sitini na nane. Sabini na nne.
Pakiti moja katika kila kumi haifiki.
Nikadhani ni unyevu kwenye kiungio,
nikadhani ndege kajenga juu ya antena.
Nikabadili chaneli. Nikaizima mashine na kuiwasha,
dawa yetu ya kila ugonjwa.
Themanini na moja.

Nikampigia. "Kuna kitu kipya mbele ya paa lako?"
Nilisikia kijiko kikizunguka kikombeni.
"Kipya? Hakuna.
Labda mbetula. Umetoa majani."

Niliendesha kilomita sabini na msumeno nyuma ya gari.
Ulikuwa pale, gome jeupe, umesimama
katikati kabisa ya mnara wangu na dirisha lake,
majani mabichi, yamejaa maji,
na maji, fundi yeyote atakwambia, hula mawimbi.

Akanitilia kahawa. Akautazama msumeno.
"Ilkka wangu yuko Perth," akasema.
"Hatulii. Anaongea huku anatafuta funguo,
huku anaosha sahani, namwona sikio tu.
Tangu majani yatoke, anaganda.
Mdomo wazi, jicho moja limefumba.
Basi hapo ndipo namtazama.
Ameanza mvi hapa," akagusa kando ya sikio lake mwenyewe,
"na yeye hajui kama nimeona."

Msumeno ulirudi Joensuu na mafuta yake yote.
Kwenye fomu, penye "hatua iliyochukuliwa",
niliandika: *inafuatiliwa*.

Nami nafuatilia.
Julai nzima, themanini na mbili.
Septemba, usiku wa baridi ya kwanza, sabini na tisa.
Sabini na tatu. Sabini.
Upepo wa Jumanne ulirudisha desibeli tatu kwa mkupuo,
nami nikiwa mezani, mbali, bila dirisha,
niliuona mti mzima ukivua nguo.

Leo hasi sitini na nne.

Limebaki jani.