Lori Lenu, Mdomo Wangu

Wapendwa wenye mchezo,
barua yenu imenifikia hapa Oli, mjini Arua, saa tisa usiku,
saa ambayo bando ni rahisi na mbwa wa jirani wamechoka.
Nimeisoma mara tatu. Nikampa Anguzu,
yeye alimaliza kidato cha sita, akasema:
"Hawakufukuzi. Cheza, rekodi, onyesha.
Ila senti ikidondoka, si yako."

Sawa. Lori ni lenu.
Nakiri mbele ya mashahidi: lori ni lenu,
na theluji ni yenu, kila chembe.
Mimi theluji nimeiona kwenye friji ya Mama Zubeda tu,
akiikwangua kwa kisu ili soda ziingie.
Usukani, honi, ule mlima usio na jina,
vyote mlivichora nyinyi, kwa macho mekundu, najua,
maana hata yangu ni mekundu.

Lakini nani alisema, kwenye ile kona ya kushoto,
"Shikilia, dereva, hapa ndipo Karuma,
nyani wanakutazama, usiwape ndizi wala usukani"?
Nani aliliita daraja lenu la chuma Pakwach,
akapunguza mwendo, akanunua samaki wa kukaanga
dirishani, kwa sauti mbili, yake na ya muuzaji?
Mchezo wenu hauna samaki.
Nimetafuta.

Yuko mama mmoja, Ayikoru, mumewe hubeba saruji hadi Juba.
Aliniandikia: "Ukiendesha usiku nakusikiliza nikikunja nguo.
Ukifika salama, nalala."
Basi niambieni, wenye haki zote zilizohifadhiwa,
usingizi wa Ayikoru mmeuhifadhi kabati gani?

Mwezi uliopita ziliingia shilingi elfu sabini na mbili.
Thelathini zilirudi kwenye bando,
kumi na tano dawa ya kifua ya baba,
zilizobaki tulizila, sitawaficha:
kuku mzima, Jumanne, bila sikukuu.
Mwezi huu video ni zilezile, watu ni walewale,
shilingi zimepanda ndege kuja kwenu.

Mama yangu ni fundi cherehani sokoni.
Nilimpelekea hasira yangu akiwa na pini mdomoni.
Nikamuuliza: aliyechora kitenge hiki,
je, atakuja harusini kumvua bibi harusi?
Akazitema pini kiganjani, moja moja.
"Aliyekichora," akasema, "simjui.
Huenda naye hajalipwa."
Akakanyaga cherehani.
Jibu hilo sikulitaka.

Kisha jana.
Anguzu ananionyesha simu: kijana wa Koboko
ameikata sauti yangu, kaibandika kwenye lori lake.
Karuma yangu. Nyani wangu. Samaki wangu na muuzaji wake.
Watazamaji elfu nne.
Hata kikohozi changu hakukitoa.
Na chini ya video, kile kitufe,
kilekile mlichobonyeza nyinyi,
kidogo, chekundu, kimetulia kama siafu: *Dai haki yako.*

Kidole changu kilikaa hapo
mpaka kioo kikazimika, nikauona uso wangu.
Nikaiwasha tena simu.

Wapendwa wenye mchezo,
sijabonyeza. Sijasema sitabonyeza.
Chenu, kidole, kilitetemeka?
Palikuwa na mtu ofisini, hata mmoja, hata mfagiaji,
aliyeuliza: huyu anayepiga kelele kwenye theluji yetu
ni nani, na samaki anawatoa wapi?

Usiku huu napakia tena, bila senti.
Taa ya kulia haiwaki, ndivyo mlivyoichora.
Ayikoru, kunja nguo taratibu.
Barabara ina utelezi.