Rojo la Mnanasi

Daet, mvuno umekwisha. Malori yameondoka na matunda,
yametuachia majani: miiba, chungu nzima, na nzi.
Zamani tungeyatia moto.
Mwaka huu shangazi Crisanta kakataa.

Kayakata kwa panga, urefu wa kiganja,
kayachemsha na jivu kwenye pipa la mafuta
mpaka harufu ikapanda ngazi, ikaingia chandaruani.
Isagani, mumewe, akauliza: "Unampikia nani?"

Siku ya tatu nyuzi ziliachana na nyama.
Akazitwanga. Akazitwanga tena.
Rojo likawa kama uji wa mgonjwa.
Akalikoroga ndani ya beseni la kufulia,
akazamisha chekeche, akainua,
maji yakamchuruzika viwikoni.

Karatasi ya kwanza ilipasuka.
Ya pili ilitoka na tundu, na mguu wa nzi.
Ya tatu aliibandika kwenye kioo cha dirisha,
akalala na njaa.

Asubuhi aliibandua. Inakwaruza. Inanuka mvua.

Isagani akatafuta kalamu,
akaandika deni letu la mbolea, lote;
wino ukasambaa,
tarakimu zikanenepa hata hazisomeki.

Crisanta ndiye aliyecheka kwanza.
"Basi," akasema, "tumelipa."