Bei ya Siagi

Lamara alipokwenda Bari kutunza wazee wa watu
aliniachia binti mmoja, paa linalovuja,
na droo ambayo sikuwahi kuifungua.
Miaka ishirini na miwili nilimkabidhi mshahara
kama mtu anayetua mzigo,
nikaenda zangu kucheza domino.
Siagi ni bei gani? Ningejuaje.
Siagi ilikuwa kitu kinachokuwa mezani.

Mwezi wa kwanza pesa zilifika siku ya kumi na saba,
zikapotea bila habari.
Siku ya kumi na nane nilisimama dukani kwa Tsiala.
Akalamba ncha ya penseli,
akauandika mkate wangu kwenye daftari lake
polepole, Kutaisi nzima isome.

Kwenye simu Lamara hakunigombeza.
Ingekuwa nafuu angenigombeza.
Alisema: "Zauri, chukua karatasi.
Andika kila kinachotoka.
Usinidanganye mimi, wala usiidanganye karatasi."
Nyuma yake bibi kizee alikuwa akimwita, kwa Kitaliano,
kwa jina ambalo si lake.

Basi nikaandika.
Mkate, lari moja na nusu.
Sigara.
Nauli ya Teona.
Sigara.
Rambirambi kwa akina Otari, hamsini,
maana hapa akifa mmoja mtaa mzima hufungua mkoba.
Betri ya tochi ya lindo.
Sigara: hapa mkono ulisita,
nikaandika "mengineyo".

Mwisho wa mwezi Teona alijumlisha.
Ana miaka kumi na mitano na hana huruma na tarakimu.
"Baba, huyu Mengineyo ni nani?
Anakula kuliko sisi wawili."
Hatukucheka. Halafu tukacheka.

Usiku ule tulianza na kilichoingia:
mia tisa za lindo,
elfu moja na mia mbili za mikono ya Lamara.
Niliandika hivyo hivyo, "mikono ya Lamara",
na Teona hakufuta.
Kisha yasiyongoja: benki, kwa ajili ya paa,
na gesi ya Januari, ile yenye meno.
Kisha tumbo.
Kisha Tsiala, kidogo kidogo,
hadi jina langu litoke kwenye daftari lake.
Kisha hamsini za misiba; hatujui ni nani, ila tunajua yupo.
Mengineyo tulimpa arobaini
tukamwambia asibishe hodi tena kabla ya mwezi kwisha.

Teona alikata bahasha kutoka magazeti ya zamani,
akaziandika majina kwa kalamu ya kijani.
Nikagawa noti moja hapa, moja pale.
Domino nilizijua hata zilizofichwa mkononi mwa mwenzangu;
noti hizi sikuwahi kuzitazama usoni.

Zikabaki sitini na tano.
Teona alisema viatu.
Nikasema ndiyo, buti zako zinakunywa maji. Arobaini.
Ishirini na tano nilizishika mpaka zikapata joto.
Bahasha moja ilikuwa haina jina.

Miezi mitano sasa, na sijafaulu hata mmoja mzima.
Februari jino la Teona lilimeza bahasha mbili.
Machi niliiba kwa Tsiala nikamlipa Mengineyo.
Nimeliandika na hilo.

Leo Lamara ameuliza, kama mtu anayetega,
siagi ni bei gani.
"Ya sokoni au ya Tsiala?"
Kimya. Kule Bari maji yalikuwa yakichuruzika kwenye beseni.
"Ya Tsiala," akasema.
Nikamtajia. Nikamtajia na ya wiki iliyopita.

Ile bahasha isiyo na jina sijamwambia.
Ina mia moja na kumi.
Tiketi ya ndege, ya kuja tu, si ya kurudi kule,
nimeiulizia bei.
Nimeiandika kwa penseli.