Daftari la Luche

Saa kumi alfajiri, Ancud, mvua ya siku ya tisa
inagonga mabati kama mtu anayedai deni.
Nimevaa mabuti ya marehemu kaka yangu,
tochi nimeing'ata, koleo liko mkononi,
namfuata mbwa nyuma ya banda la kuni
nikisubiri anye.

Sicheki. Nawe usicheke.
Kiumbe asiye na maneno husomwa kwa anachokiacha chini,
na Luche, tangu aletwe, ameacha maji matupu.

Walimkuta gatini, katikati ya kreti za kome,
ngozi imetandikwa juu ya mbavu
kama shuka juu ya kiti kilichovunjika.
Mwenye njaa hana miiko:
daktari Yasna alimpasua, akatoa kipande cha wavu,
maganda ya chaza, kifuniko cha bia,
na kitu chekundu ambacho hadi leo tunabishania,
yeye anasema soksi, mimi nasema glovu.

Mshono ulipona. Tumbo likakataa.

Jumatatu, nimeandika: maji.
Jumanne: maji, na damu, uzi tu.
Jumatano hakuna kitu daftarini.
Jumatano nilikaa sakafuni, mgongo kwenye jiko,
kichwa chake pajani mwangu, kizito kuliko mwili wote,
nikihesabu pumzi, nikipotea, nikianza upya.

Vijiko vitatu kila baada ya saa nne:
wali uliorojeka, boga lililopondwa,
kuku asiye na ngozi, asiye na chumvi, asiye na raha.
Alikuwa anaitazama sahani yangu ya viazi na nyama ya kondoo
bila kuomba. Afadhali angeomba.
Wiki ya pili nami nikala wali ule ule,
na si kwa mapenzi, kwa aibu.
Doña Otilia wa nyumba ya pili akaleta sufuria ya supu,
"ya mgonjwa," akasema, inanuka kitunguu hadi barabarani.
Nilimshukuru. Alipogeuka
niliinywa mwenyewe, nimesimama, mpaka chini.

Kuna watu wanamngoja, ng'ambo, Puerto Varas.
Binti yao, Maite, ametuma picha ya kikapu
na blanketi la manjano lililokunjwa mara nne.
Kila Ijumaa baba yake hupiga simu: tayari?
Nami: bado.
Sharti la Yasna ni siku tatu mfululizo
za choo kinachoshikika.

Basi alfajiri hii Luche anazunguka, anazunguka tena,
anachagua mahali kama bwana anayenunua kiwanja,
anachuchumaa.
Nashusha tochi.
Kina umbo. Kahawia. Kimesimama wima kwenye nyasi,
mvua inakipiga na hakibomoki.
Nikampigia Yasna saa ile ile. Akanyamaza kidogo,
nikasikia kitanda kikilia, kisha: "Andika, Rosamel."
Nikaandika. Wino ukatiririka, nikaandika tena.

Siku ya pili, vilevile.

Siku ya tatu niliamka na soseji mfukoni.
Sikuiweka kwa bahati mbaya.
Soseji ya pilipili, yenye mafuta, kipande kimoja tu,
na tungeanza upya kuhesabu, mimi na yeye,
wiki moja, pengine mbili, jiko likiwaka.
Luche akanusa mfuko. Akaketi.
Hakuomba, hakuwahi kuomba, mjinga yule.
Nikaitoa nikaila yote na gamba lake,
kichwa nimeinua, mvua ikiniingia kinywani,
naye akaenda nyuma ya banda peke yake
akafanya kazi yake vizuri kabisa.

Nimeandika: siku ya tatu, kamili.
Halafu chini, kwa herufi ndogo, kwa ajili ya Maite:
anaogopa ufagio.
Sikio la kushoto ndilo la kukunwa.
Usiku akilia hana ugonjwa, mwambieni tu jina lake.
Kitunguu msimpe.