Dau

Barafu ilivunjika alfajiri, saa kumi na dakika ishirini.
Niliisikia kitandani, kama jirani anayeburuta kabati
kisha likamponyoka.

Nikavaa koti lako na buti zako za mpira,
soksi mbili mbili, maana miguu yangu haijakua,
nikateremka hadi Torne.

Kiti kilikuwa kinaondoka.
Kile kile cha jikoni, mguu mmoja umefungwa waya,
ambacho kila Januari hukisimamisha katikati ya mto
na kila nyumba ikaandika dukani kwa Fridolf
siku na saa
maji yatakapokichukua.

Wewe uliandika huku ukikohoa:
Mei kumi na nne, saa kumi na nusu alfajiri.
Fridolf akacheka, nani atakuwa macho?
Machi tukakulaza ghalani kwa kanisa
kungoja ardhi ilainike.
Hata leo ungali unangoja.

Natembea nacho sambamba.
Njia ya juzi imo mtoni,
nakanyaga shamba la viazi la Aune,
theluji nyeusi kivulini, harufu ya nyasi za mwaka jana.
Mapande ya barafu yanapandana migongo
kama ng'ombe waliofunguliwa mlango mmoja.
Mlango wenyewe nao unapita, na bawaba zake,
na nusu ya mbetula, na glavu ya kushoto.

Dau ni fedha aliyoiweka mtu mezani.
Dau ni chombo pia.
Lako limekuwa yote mawili:
linaelea, miguu juu.

Penye kona kikanasa kwenye vichaka.
Nikakiambia, nenda. Kikakaa.
Maji yakaingia butini, baridi ya kisu,
nikakiambia basi kaa,
kikazunguka mara moja, taratibu,
kama mtu anayetafuta miwani yake,
kikaenda.

Fridolf alinikuta pale pale, daftari kwapani.
"Dakika kumi tu," alisema. "Hakuna aliyekaribia."
Akanyoosha mkono wa kupongeza,
njiani ukageuka mkono wa pole,
mwishowe akautia mfukoni.
Kroni mia nne na pakiti ya kahawa.

Nikirudi, nilimwona Elis nyuma ya kanisa
akiichoma ardhi kwa mtaimbo.
Alichomoa, akatazama tope lilipoishia,
akapima kwa kiganja.
"Ijumaa," akasema.